Wanaume Wenzangu, Tupange Nguo za Mwaka

Jioni moja ya mwezi wa Oktoba nilikuwa nimeketi kitandani hostelini, hapa Kampala, nikiandika katika daftari: soksi jozi sita, suruali mbili, koti moja la mvua, viatu vya ngozi kabla ya Juni. Mwenzangu wa chumbani alilinyakua daftari akalisoma kwa sauti, na vijana waliokuwa mlangoni wakacheka hadi wakashikana mabega. Mmoja aliniuliza kama najiandaa kuolewa. Mwingine alisema kuwa mwanamume hununua nguo anapoiona, haiandikii barua ya maombi miezi minane kabla.

Nilicheka pamoja nao, kwa kuwa nakaa nao na sina pengine pa kulala. Lakini usiku ule niliamua kuandika insha hii, kwa sababu kicheko kile nakifahamu vizuri. Mwaka jana mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikicheka.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema. Mwanafunzi wa kiume asiyepanga nguo zake za mwaka hujiona mtu huru, asiyehangaika na mambo madogo. Ukweli ni kwamba yeye ni mteja wa dharura. Hununua usiku, hununua kwa pupa, hununua kwa bei aliyotajiwa, na gharama ya dharura hiyo humwangukia mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo ni mama yake.

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawahukumu wengine kutoka juu ya mti.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mwanzoni mwa mwezi wa Mei, mama alinitumia shilingi 450,000 kwa simu. Ilikuwa salio la ada, na bila kulilipa nisingepata kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Alikuwa ameuza mbuzi wawili na kukopa kiasi kilichobaki katika kikundi chao cha akiba. Wiki ileile mambo mawili yalitokea. Kwanza, tulitangaziwa kwamba atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mwezi wa Juni bila tai, shati la mikono mirefu, koti na viatu vya ngozi atarudishwa. Pili, rafiki yangu wa karibu alikuwa anakwenda kwao mchumba wake kwa sherehe ya kutambulishwa, ile inayoitwa kwanjula, na mimi nilikuwa miongoni mwa vijana wa kumsindikiza. Kwenye kwanjula ya Kiganda mwanamume huvaa kanzu na koti juu yake. Sikuwa na kanzu, sikuwa na koti, wala sikuwa na shati hata moja ambalo mwalimu angeweza kusimama nalo mbele ya darasa.

Katika siku nne nilitumia shilingi 310,000. Koti na suruali yake, 130,000. Viatu vya ngozi, 75,000. Mashati mawili, 40,000. Tai, 10,000. Kanzu, 55,000. Nilijiambia kwamba nitazirudisha pesa kabla ya tarehe ya mwisho. Sikuzirudisha. Siku ya mtihani wa kwanza na wa pili sikuwa na kibali, na kibali kilipopatikana, baada ya mjomba kuingilia kati, mitihani hiyo miwili ilikuwa imekwisha kupita. Nitaifanya mwezi wa Mei ujao pamoja na wadogo zangu wa mwaka wa pili. Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nguo hizo angalau zinakutosha?"

Hazikunitosha. Viatu nilivinunua saa mbili za usiku chini ya taa ya kibanda, vikawa vidogo kwa namba moja. Nilivivaa wiki tatu nikiwa na malengelenge, nikaviuza kwa 25,000. Mikono ya koti ilifika kwenye vidole.

Msomaji atasema kuwa huo ni uzembe wa mtu mmoja. Nami nilifikiri hivyo mpaka nilipofanya hesabu. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kuwa sikuwa na daftari, ilinibidi nifungue sanduku langu na kukumbuka kitu kimoja baada ya kingine. Katika mwaka ule, kabla ya zile siku nne za Mei, nilikuwa nimenunua fulana 19 kwa wastani wa shilingi 6,000, jumla 114,000. Suruali za jinzi saba kwa wastani wa 18,000, jumla 126,000. Viatu vya raba jozi nne kwa wastani wa 35,000, jumla 140,000. Kofia tatu, 15,000. Jumla ya yote ni shilingi 395,000, na katika vitu hivyo 33 hakikuwamo hata kimoja cha kuvaa darasani kama mwalimu, cha kuvaa harusini, wala cha kuzuia mvua. Ukijumlisha na zile 310,000 unapata 705,000. Mtu huyohuyo, katika mwaka huohuo, alikuwa akiwaambia wenzake kwamba yeye hajali nguo.

Hapo ndipo ninapopingana na kauli ya kwanza, ile inayotembea sana katika hosteli zetu, kwamba mwanamume halisi hajali mavazi. Huu ni uongo tunaojidanganya nao. Tunajali. Tunajali kiasi cha kusimama Wandegeya jioni nzima tukiangalia raba. Tunachokataa ni kukiri mbele ya wenzetu kwamba tunajali, na kwa kuwa hatukiri, hatuwezi kupanga. Mtu hawezi kuweka bajeti ya kitu anachodai hakipo.

Linganisheni na dada zetu wa darasa hilihili. Wanapojua kwamba mwezi wa Desemba kuna harusi, wanaanza kuchangiana mwezi wa Julai. Wanajua nani ana gomesi ya rangi gani, nani atamwazima nani, fundi yupi huchelewesha. Sisi tunawaita watu wa mapambo. Kisha ikibaki siku moja tunawaendea na kuwaomba, "Dada, hebu nikopeshe 20,000 ninunue shati." Nani hapo ni mtu wa mapambo, na nani ni mtu wa hesabu?

Kauli ya pili inatoka upande mwingine kabisa. Wapo wenzetu wachache ambao kweli wanapanga, ila mpango wao wameuchukua mzima kutoka Ulaya na Marekani. Utamsikia kijana akisema kwamba kila mwanamume lazima awe na koti zito la sufi, sweta ya shingo ndefu, buti za ngozi ya swedi, suti ya kitani ya kiangazi, na saa ya mkanda wa chuma. Orodha hizo zimeandikwa na watu wanaoishi katika majira manne, wanaopata theluji, na ambao mishahara yao hufika kila mwezi. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, juu ya vilima vyenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Hapa hakuna baridi ya kutaka koti la sufi wala kiangazi cha kutaka kitani. Kuna mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za vuli kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Kati yake kuna vumbi jekundu. Mpango wa nguo usiojua mvua na vumbi la hapa ni zoezi la kunakili tu. Buti za swedi katika tope la Kampala mwezi wa Aprili hazimalizi wiki mbili.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sisemi tuwe na orodha ndefu. Nasema tuwe na kalenda yetu. Mwanafunzi wa kiume hapa ana tarehe zake ambazo hazibadiliki sana: mwaka wa masomo huanza Agosti, mvua zinajulikana, mazoezi ya kufundisha huwa katikati ya mwaka, harusi na kwanjula hujazana Agosti na Desemba, sikukuu zinajulikana, mahafali yanajulikana. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotujia kama mwizi. Tunashtuka kila mwaka kwa jambo lilelile, katika mwezi uleule.

Kauli ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: sisi tunanunua mitumba, na mitumba haipangiki. Huwezi kuandika Januari kwamba utanunua shati la bluu Machi, maana hujui robota litakalofunguliwa siku hiyo lina nini ndani yake.

Ni kweli kwamba wengi wetu tunavaa mitumba. Waganda huiita mivumba, Wazambia huiita salaula, Wamalawi kaunjika, na ndugu zetu wa Rwanda huiita caguwa, neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili analitambua mara moja: chagua. Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo kila mtu mjini hulijua kwa jina la Owino, ndilo lililotuvisha. Mimi sina dharau nalo. Shati langu bora limetoka pale.

Lakini anayesema mitumba haipangiki hajaliangalia soko hilo kwa makini. Robota likifunguliwa asubuhi, wanaofika kwanza ni wachuuzi na wateja wanaojua wanachotaka, na wao huchagua vilivyo vizuri kwa bei ya juu. Mchana bei hushuka. Jioni yanabaki marundo, kila kipande kwa bei moja ya kutupa, na hapo ndipo mwanafunzi asiye na mpango hufika akitoka darasani, akafurahi kwamba amepata fulana tatu kwa bei ya soda chache. Fulana zile ni masalio ya masalio. Anazifua mara nne, shingo inalegea, anarudi kwenye rundo. Rahisi ghali, walisema wazee.

Mpango wa mitumba haupangi shati la bluu. Unapanga nafasi. Mimi naandika: "shati la kufundishia, la rangi moja, kola nzima, lisizidi 20,000, kabla ya mwisho wa Mei." Kisha natembea na pesa hiyo mfukoni na sentimita za shingo na mkono wangu kichwani. Siku nikilikuta, Februari au Aprili, nanunua. Nisipolikuta, napita. Fulana nzuri ya 6,000 ikiniita, naangalia daftari: hakuna nafasi ya fulana. Napita. Mtu asiye na orodha ndiye anayetegemea bahati ya robota. Mwenye orodha ana miezi mitano ya kuingoja bahati hiyo. Mwalimu Nyerere mwaka 1969 aliipa hotuba yake kuhusu mpango wa maendeleo jina la Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa akizungumzia nchi nzima na rasilimali zake chache, lakini maneno hayo yanamfaa hata mtu anayeinama juu ya rundo la nguo Owino. Tumekuwa na caguwa bila kupanga. Tunachagua kila Jumamosi, na mwisho wa mwaka hatujachagua kitu.

Hapa nigusie jambo kubwa kuliko sanduku langu. Mwezi wa Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua uingizaji wa nguo zilizovaliwa, ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, Kenya ikajitoa katika azimio hilo mwaka 2017, Uganda na Tanzania zikalegeza, na Rwanda iliposhikilia msimamo wake, mwezi wa Julai 2018 nguo zake zilisimamishwa kuingia Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Hapa kwetu, mwezi wa Agosti 2023, Rais Museveni alipokuwa akifungua viwanda Mbale alitangaza vita dhidi ya nguo hizo, akisema ni za watu waliokufa.

Wanafunzi tumegawanyika katika makundi mawili kuhusu jambo hili, na yote mawili yananikera. Kundi la kwanza hupiga makofi kwenye mdahalo kwa ajili ya pamba yetu na viwanda vyetu, kisha Jumamosi hukutana Owino. Kundi la pili husema mitumba ndiyo haki ya maskini na hoja ikaishia hapo. Wote hawajajiuliza swali dogo: mwanafunzi anayetaka kuvaa nguo iliyoshonwa Uganda anahitaji nini? Anahitaji pesa, ndiyo. Lakini kabla ya pesa anahitaji muda.

Nendeni Kiyembe, kule kwenye maduka ya vitambaa na mafundi cherehani, mkaone. Fundi hawezi kukushonea suruali saa mbili za usiku kwa ajili ya kesho asubuhi. Anataka kupima, kukata, kukujaribisha, kurekebisha. Ukimwendea Februari atakupokea kwa amani, mtaelewana bei, na atakubali ulipe kwa awamu: kitambaa leo, nusu ya ushonaji mwezi ujao, iliyobaki siku ya kuchukua. Ukimwendea tarehe 18 Desemba atakutajia bei ya Krismasi, na nguo utaipata ikiwa na kifungo kimoja pungufu. Kwa hiyo mtu asiyepanga hana uwezo wa kumuunga mkono fundi wa nchi yake hata akitaka. Dharura humsukuma kwenye nguo iliyokwisha kushonwa, na nguo iliyokwisha kushonwa imetoka mbali.

Pamba ililetwa Uganda mwaka 1903 kama zao la biashara. Zaidi ya miaka 120 baadaye, sehemu kubwa ya pamba yetu bado inauzwa nje ikiwa haijafumwa. Kiwanda cha Nyanza kule Jinja, ambacho wazazi wetu walikijua kwa jina la Nytil, kimepita katika mikono na misukosuko mingi. Serikali ina sera iitwayo Nunua Uganda, Jenga Uganda. Sidai kwamba mashati yangu matatu yataifufua sekta ya nguo. Nadai kwamba sera yoyote ya namna hiyo itabaki kuwa bango barabarani ikiwa wanunuzi ni watu wanaokumbuka shati siku moja kabla ya kulivaa. Fundi na kiwanda huishi kwa oda. Na oda ni jina lingine la mpango.

Sasa nionyeshe daftari langu lenyewe, lile lililochekwa. Jioni huwa nawafundisha Kiswahili watoto wawili wa jirani, na katika malipo hayo nimeamua kutenga shilingi 35,000 kila mwezi kwa nguo. Kwa mwaka ni 420,000. Kumbukeni kwamba mwaka ule usio na mpango nilitumia 705,000.

Januari, suruali moja ya kitambaa kutoka Owino, 20,000, na 5,000 za fundi kuipunguza. Nachagua Januari kwa sababu nimeona kuwa baada ya Krismasi wateja hupungua, na wauzaji nao wana ada za watoto wao za kulipa, hivyo hupatana. Februari, suruali ya pili kwa hesabu hiyohiyo. Machi, kabla masika hayajakolea, koti la mvua, 30,000. Aprili sinunui kitu. Mei, viatu vya ngozi, 80,000, vitakavyonunuliwa mchana, nikiwa na soksi mguuni, kwa sababu nina mazoezi ya pili ya kufundisha mwezi wa Juni. Mashati mawili ya mwaka jana bado ni mazima, hayo yatatosha kwa mazoezi. Kuanzia Juni hadi Agosti, mashati matatu ya kushonwa Kiyembe, 35,000 kila moja, moja kwa kila mwezi. Septemba, soksi, chupi na fulana za ndani, zote mpya, 45,000. Hapo kwenye mitumba siendi, na kila mtu anajua ni kwa nini. Hadi hapo nimetumia 310,000. Zimebaki 110,000 za robo ya mwisho: 30,000 za matengenezo, yaani soli, zipu na vifungo, 40,000 za dharura, na 40,000 za tamaa.

Ndiyo, tamaa. Nimeiwekea mstari wake. Mpango usiokuwa na nafasi ya tamaa huvunjwa na tamaa mwezi wa pili. Nikiona raba inayonitoa udenda, najua ina 40,000 zake mwezi wa Oktoba. Ikizidi hapo, si yangu.

Kanzu na koti ninavyo tayari. Koti nimelipeleka kwa fundi, mikono imepunguzwa kwa 8,000. Kama ningelifanya hilo kwa utulivu tangu mwanzo, nisingeliongeza gharama hiyo juu ya bei ya pupa. Kanzu nayo nimeihifadhi vizuri. Ni vazi lililofika Buganda na wafanyabiashara kutoka pwani katika karne ya 19, likabaki na jina lake la Kiswahili, na leo hakuna Mganda anayeliona kuwa la kigeni. Kanzu moja iliyokunjwa vizuri huhudhuria harusi za miaka kumi. Ukigawanya 55,000 kwa harusi hizo zote, utaona kwamba nguo iliyoonekana ghali ndiyo ya bei nafuu, na fulana ya 6,000 iliyovaliwa mara nne ndiyo iliyokula pesa.

Najua pingamizi linalobaki, na silipuuzi. Kuna mwenzangu atakayesoma hesabu hii na kusema, "Wewe una 35,000 kwa mwezi. Mimi sina hata 5,000." Nakubali. Mpango hauzai pesa. Mtu mwenye suruali mbili na sabuni ya kuazima hahitaji mahubiri yangu, na singependa mtu yeyote aitumie insha hii kumlaumu maskini kwa umaskini wake. Lakini nimekaa hostelini miaka mitatu, na sioni kwamba wasio na kitu ndio wanaofanya ununuzi wa pupa. Wao wanapanga tayari, kwa kulazimika. Wanajua shati lipi ni la Jumatatu. Ninaowasema ni sisi wa katikati, tunaopata kidogo na kukipoteza, kisha tukavaa sura ya umaskini mbele ya wazazi wetu. Na wasiokuwa na kitu wana hoja moja zaidi ya kutetea mpango: nguo ya kuazima haisitiri matako, na anayeazima kila wakati huvaa kwa ridhaa ya mwenye nguo. Vijana watano wa chumba kimoja wanaweza kupanga kuwa na koti mbili nzuri za kupokezana kwenye usaili, badala ya kila mmoja kuhangaika na koti bovu lake.

Mwisho nina neno kwa walimu wetu, kwa heshima zote. Mnatudai tai, koti na viatu vya ngozi, nasi hatukatai, maana mwanafunzi wa shule humtazama mwalimu kabla ya kumsikiliza. Lakini masharti hayo tunayasikia kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mazoezi, wakati uleule wa salio la ada na mitihani. Kwa nini yasiandikwe Agosti, tunapojiandikisha, kwenye karatasi ileile yenye ada na orodha ya vitabu? Yaandikwe kwa uwazi: mashati mangapi, koti ni la lazima au la hiari, viatu vya namna gani. Kama koti halihitajiki katika darasa lenye joto la wanafunzi themanini, litolewe. Taasisi inayomfundisha mwalimu mtarajiwa kuandaa mpango wa kazi wa muhula mzima, wiki kwa wiki, haina sababu ya kumshtukiza kwa jambo la viatu.

Nanyi wanaume wenzangu, sina zaidi ya haya. Mwaka unakwisha. Kabla hamjaenda nyumbani kwa sikukuu, toeni nguo zenu zote mzitandaze kitandani, mzihesabu, mwandike zilizo nzima, za kutengenezwa na za kugawa. Kisha fungueni ukurasa mpya muandike miezi kumi na miwili. Mtachekwa, kama nilivyochekwa. Yule mwenzangu wa chumbani aliyesoma daftari langu kwa sauti alikuja wiki iliyopita kuniazima koti kwa ajili ya usaili wa asubuhi. Nilimpa. Kisha nikampa na kalamu.